Inkisari ya Sura: Juu ya Kupinda Picha kwa Kompyuta

Kila mwanafunzi wa shule ya sekondari aliyesoma ushairi amefundishwa kwamba mtunzi ana ruhusa ya kulipinda neno. Akibanwa na mizani, huandika "kenda" mahali pa "akaenda", na hiyo ndiyo inkisari. Akipungukiwa na mizani, huandika "enenda" mahali pa "nenda", na hiyo ndiyo mazda. Kina kikimkataa, hugeuza irabu ya mwisho ya neno, na hiyo ndiyo tabdila. Ruhusa hii ni ya zamani, wala hakuna mhakiki wa heshima aliyepata kuiita udanganyifu. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka wake, ijapokuwa mpaka wenyewe hautajwi sana darasani: msomaji hana budi aweze kulirudia neno la asili. Asomaye "kenda" anajua kwamba kuna "akaenda" nyuma yake. Mtunzi akilifinya neno hata lisijulikane lilikuwa neno gani, hapo hakuandika inkisari, amelipoteza neno.

Nimeanza na somo hili la ushairi kwa sababu nataka kuzungumza juu ya sanaa nyingine iliyopata ruhusa kama hiyo, nayo haijafundishwa mpaka wake. Sanaa hiyo ni ya kupinda picha kwa kompyuta. Leo hii katika miji ya Kasulu na Kibondo, kama katika miji mingine ya nchi yetu, fundi wa picha haishii katika kupiga na kusafisha. Huiweka sura ya mteja katika kompyuta, au katika simu yake tu, kisha huivuta, huifinya, huirefusha na kuiviringa kama mfinyanzi na udongo wake. Kwa miaka mingi wilaya hizi za nyanda za juu za Kigoma zilitegemea majenereta ya dizeli kwa umeme wao, na picha ilikuwa kitu cha nadra katika nyumba za vijijini. Sasa simu imekuwa mikononi mwa vijana, na kila mwenye simu ni mpiga picha. Jambo hili ni maendeleo, nasi tulipokee kwa furaha. Lakini kila chombo kipya kinachoingia katika utamaduni wa taifa hakina budi kifanyiwe uhakiki, na huu ndio mchango wangu.

Tuanze kwa kukielewa chombo chenyewe. Picha iliyo katika kompyuta ni safu za nukta ndogo ndogo za rangi, zilizopangwa kama punje za mahindi katika gunzi. Programu ya kupinda hutandaza juu ya nukta hizo wavu usioonekana, mfano wa wavu wa mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Fundi anaposukuma kidole au kalamu, huvuta fundo moja la wavu, na mafundo ya jirani hulifuata kwa kadiri ya ukaribu wao. Kisha kompyuta hufanya hesabu: kwa kila nukta ya picha mpya hutafuta ilitoka wapi katika picha ya kale, na panapobaki pengo hukisia rangi kwa kuchanganya rangi za jirani. Kwa hiyo picha iliyopindwa haina tundu wala kovu. Mkasi na gundi za wapiga picha wa zamani ziliacha alama. Wavu huu hauachi.

Programu ijulikanayo zaidi kwa kazi hii ni Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas Knoll na John Knoll, na kuanza kuuzwa na kampuni ya Adobe mwaka 1990. Katika toleo lake la 6, la mwaka 2000, kiliongezwa chombo cha kuiyeyusha picha na kuisukuma kama uji mzito. Mwaka 2010 kikaongezwa chombo cha kuipachika picha pini na kuichezesha viungo kama kikaragosi. Ipo pia GIMP, ambayo imetolewa bure tangu mwaka 1996, nayo ina vyombo vya namna hiyo. Kijana wa Kibondo asiye na fedha za kununua programu anaweza kujifunza kazi ile ile ifanywayo na fundi wa London.

Je, kupinda umbo ni jambo geni kwetu? La, hasha. Sanaa ya Tanzania imejipatia sifa duniani kwa kupinda. Katika miaka ya 1950 mchongaji wa Kimakonde, Samaki Likankoa, alianza kuchonga mipingo ya mashetani. Inasimuliwa kwamba mtindo huo ulizaliwa baada ya kinyago chake kimoja kuvunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakigeuza kuwa kiumbe kisichokuwa mtu. Ikiwa masimulizi hayo ni kweli au ni hadithi ya soko, mtindo wenyewe uko mbele ya macho yetu: jicho moja, mdomo uliozunguka hadi kisogoni, mguu uliogeuka kuwa mkono. Baada yake George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliwaleta viumbe hao katika rangi alipofanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Watu wake wana masikio makubwa, matumbo ya duara na vidole vichache, nao wanapika, wanacheza na kugombana kama majirani zetu wa kila siku. Na katika gazeti la Uhuru wasomaji walimcheka Chakubanga wa Christian Gregory, ambaye umbo lake la katuni lilisema mengi kuhusu tamaa na ujanja wa mjini kuliko hotuba ndefu.

Hawa wote walipinda, tena walipinda sana. Mbona hatuwaiti waongo? Kwa sababu upindaji wao uko wazi. Hakuna mtazamaji aliyewahi kusimama mbele ya shetani wa Kimakonde akadhani mchongaji alikuwa akinakili sura ya mjomba wake. Katika tamathali za semi jambo hili huitwa chuku. Msemaji anayesema machozi yalifanya mto hamdanganyi mtu, kwa kuwa msikilizaji anajua kipimo cha machozi. Chuku ni mapatano ya watu wawili: mmoja anatia chumvi, na mwingine anajua kwamba chumvi imetiwa. Yakikosekana mapatano hayo, maneno yale yale huwa uongo.

Ulimwengu wa nje nao una mifano yake. Mwaka 1533 mchoraji Hans Holbein alichora mabwana wawili wenye mavazi ya fahari, na miguuni pao akaweka kitu kirefu kilichovutwa hata hakieleweki. Mtazamaji akisogea pembeni mwa picha hiyo, iliyohifadhiwa sasa London, kile kitu hujikusanya kikawa fuvu la mtu. Holbein alilipinda fuvu kwa hesabu, na kwa hesabu ile ile jicho hulinyoosha. Hiyo ni inkisari kamili: neno la asili limo ndani, linamngoja msomaji.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na mwalimu umetundikwa ukutani mwa darasa lake. Ramani ya dunia aliyoibuni Gerardus Mercator mwaka 1569 ni picha iliyopindwa. Mercator aliwatengenezea mabaharia ramani ambayo mstari wa dira hubaki umenyooka, na ili kuupata unyoofu huo alilazimika kuzivuta nchi kwa kadiri zilivyo mbali na Ikweta. Kasulu iko karibu nyuzi nne na nusu kusini mwa Ikweta. Katika ramani hiyo haikuvutwa hata kwa sehemu moja katika mia. Kwenye nyuzi 60 urefu wa kila kitu huwa mara mbili, na eneo mara nne. Ndiyo sababu Greenland, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 2.2, huonekana kulingana na Afrika, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 30. Mwezi Agosti mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hii kwa matumizi ya jumla, na hoja yake ni nzito. Mercator mwenyewe hakuwa na hila, maana kanuni yake ilijulikana, na mwenye kanuni aliweza kuurudisha ukweli. Hila iliingia pale ramani ilipotoka chomboni kwa baharia ikaingia darasani bila kanuni yake. Mtoto aliionyeshwa kama ndiyo sura ya dunia, naye akakua akiamini kwamba bara lake ni dogo.

Hapa ndipo tunapopata kipimo chetu. Swali la kumwuliza fundi si kama amepinda au hakupinda. Swali ni hili: je, mtazamaji anaweza kurudi kwenye asili?

Tena upo upindaji unaonyoosha, nao tuutendee haki. Lenzi ya simu, ikiwekwa karibu mno na uso, huikuza pua na kuyapunguza masikio. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba pua katika picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 hivi huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko katika picha ya umbali wa mita moja na nusu. Basi fundi anayeupunguza upana huo kwa wavu wake hakuongopa. Ameondoa uongo wa lenzi. Vivyo hivyo anayeinyoosha picha ya kale iliyokunjamana sandukuni, au anayesimamisha wima ukuta wa shule ulioinama kwa sababu mpiga picha alielekeza kamera juu. Fundi wa namna hii anastahili kuitwa mhifadhi wa kumbukumbu zetu.

Sasa tuzitazame picha zinazotundikwa katika kuta za studio na sebule za Kasulu na Kibondo, tuzipime kwa kipimo tulichokipata. Naziona ziko za aina tatu.

Aina ya kwanza ni picha za mzaha na sherehe. Kijana amerefushwa miguu kama twiga, au amesimamishwa kando ya ndege ambayo hajaipanda. Picha hizi ni wajukuu wa mapazia yaliyochorwa maua na majumba, ambayo studio za Tanzania zimeyatumia kwa miaka mingi. Wapo wanaozilaumu kwamba zinafundisha ndoto za anasa. Mimi naona hiyo ni chuku, nayo ni halali. Jirani anajua kwamba kijana yule hajasafiri, naye kijana anajua kwamba jirani anajua, na wote wanacheka. Kosa la picha hizi, zinapokosa, ni la ufundi tu: miguu mirefu isiyo na kivuli, na ndege isiyo na uzito.

Aina ya pili ni picha za urembo, hasa za arusi na mahafali. Hapa kiuno kimefinywa, taya limepunguzwa, macho yameinuliwa, na pua imebanwa. Mara nyingi mkono wa fundi haukushiriki kabisa, kwa kuwa programu nyingi za simu zina kitufe kimoja cha urembo kinachofanya yote hayo kwa mpigo. Kitufe hicho hakimjui bibi arusi. Humvuta binti wa Kiha, wa Kihaya na wa Kichina kuelekea sura ile ile moja. Hebu tufikiri juu ya mtunzi anayemaliza beti zake zote, za furaha na za msiba, kwa kina kimoja alichokiazima. Tungemwambia kwamba hana sanaa. Basi na kitufe kile hakina sanaa, wala sura kinayoitafuta haikutoka katika milima ya Heru wala ya Muhambwe.

Jambo la kushangaza ni kwamba picha hizi hujifichua zenyewe. Nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo hujengwa kwa matofali ya kuchoma, nazo ndizo huwa nyuma ya mpigwa picha. Fundi anapokifinya kiuno, wavu ule unavuta pia nukta za ukuta, na mstari wa matofali uliokuwa umenyooka unajikunja kuelekea mwilini kama maji yanayoingia shimoni. Mwanafunzi anayetaka kujua kama picha imepindwa asiutazame uso. Autazame ukuta, mlango, fremu ya dirisha, ukingo wa meza. Mwili wa mtu hauna mistari iliyonyooka, kwa hiyo huweza kudanganya. Tofali halijui kudanganya.

Aina ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni picha za marehemu. Mzee amefariki, na nyumbani hakuna picha yake ila ile ndogo ya kitambulisho. Jamaa huipeleka kwa fundi ikuzwe, iwekwe katika fremu, na ichapwe katika fulana za msiba. Fundi, kwa huruma au kwa mazoea, huipitishia mkono wa urembo: huyajaza mashavu, huyanyoosha macho, hulisawazisha taya lililopinda kwa uzee. Jamaa hushukuru. Kisha ile picha ndogo hupotea, maana haina kazi tena, na ile kubwa ndiyo inayobaki ukutani.

Tuupime upindaji huu. Je, si wa wazi? Hapana, maana hakuna aliyetangaza. Je, unanyoosha uongo wa lenzi? Hapana, maana lenzi haikumkosea mzee. Je, mtazamaji ataweza kurudi kwenye asili? Leo ataweza, kwa kuwa wapo wanaomkumbuka. Lakini baada ya miaka 40 mjukuu atasimama mbele ya fremu ile akitafuta pua yake na paji lake, asivione, aambiwe kwamba huyu ndiye babu yako. Hilo ni neno lililofinywa hata halijulikani tena lilikuwa neno gani.

Hasara hii ni kubwa zaidi katika nchi ambayo picha za zamani ni chache. Heru ilitawaliwa wakati wa ukoloni na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na kila mtoto wa shule wa Kasulu anayo haki ya kuiona sura yake kama ilivyokuwa. Picha za watawala walau huweza kutafutwa katika nyaraka za serikali. Picha za mkulima wa Kibondo hazina nyaraka. Ukuta wa sebule ndio makumbusho yake pekee. Tuwakumbuke pia wakimbizi waliopokelewa katika wilaya hizi, kutoka Kongo katika kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, na kutoka Burundi katika kambi ya Nduta. Mtu aliyekimbia usiku akiwa na picha moja ya mama yake hana nyingine ya kulinganishia. Fundi atakayeipinda picha hiyo amemwondolea mama yake mara ya pili.

Wapo watakaosema: mteja ndiye mwenye sura, naye amelipa, fundi afanye nini? Hoja hii haidharauliki. Fundi anaishi kwa kazi yake, na hakuna anayependa kuonyeshwa makunyanzi yake kwa ada. Lakini mteja wa picha ya marehemu si mwenye sura. Mwenye sura amekwisha kwenda, wala hakuulizwa. Na hata aliye hai ana haki ya kujipamba, lakini hana haki ya kumpoteza anayemtegemea kwa kutambuliwa. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za picha za pasipoti hazikubali sura iliyobadilishwa, na tangu nchi yetu ilipoanza kutoa pasipoti za kielektroniki mwezi Januari mwaka 2018, jambo hilo si dogo: mashine hupima umbali kati ya jicho na jicho, na wavu wa fundi huubadili umbali huo.

Mataifa mengine yamejaribu kulitatua jambo hili kwa sheria. Ufaransa, tangu mwezi Oktoba mwaka 2017, imetaka matangazo ya biashara yenye wanamitindo waliopunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta yaandikwe kwamba picha imerekebishwa. Norway ilianza kudai alama kama hiyo katika matangazo mwezi Julai mwaka 2022. Sheria hizo zinastahili kusomwa, kwa kuwa msingi wake ni ule ule wa chuku: anayepinda atangaze. Lakini sheria ya matangazo haiingii sebuleni, wala isingefaa iingie. Sebuleni huingia malezi.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, nayo hayahitaji fedha. La kwanza ni la mafundi: kila picha inayopindwa itunzwe na asili yake, na mteja akabidhiwe zote mbili, ya marehemu iandikwe nyuma kwamba imebadilishwa, na ile ndogo ya kitambulisho ibandikwe nyuma ya fremu. La pili ni la walimu wa Kiswahili: mnapofundisha inkisari, mazda na chuku, waleteeni wanafunzi picha moja iliyopindwa na moja isiyopindwa, muwaulize ni ipi inayomruhusu mtazamaji kurudi. Mwalimu wa jiografia anaweza kufanya hivyo kwa ramani na tufe, na mwalimu wa hisabati kwa wavu wa miraba uliochorwa juu ya samaki. La tatu ni la wanafunzi wenyewe. Jifunzeni vyombo hivi, mvitumie kwa ujasiri, mtuletee mashetani mapya ya kompyuta ambayo Lilanga asingeyaota. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nao waliosema hivyo walijua kwamba akikauka hakunjiki tena, bali huvunjika. Mazoea ya picha katika nyanda za juu za Kigoma bado ni mabichi. Tukiyakunja sasa katika njia ya uwazi, tutapata sanaa. Tukiyaacha yakauke katika njia ya kuficha, tutapata kuta zilizojaa nyuso nzuri zisizokuwa za mtu yeyote.

Mshairi hupinda neno ili ubeti usimame. Fundi naye apinde, mradi sura ya mtu isianguke.